Tuandike Mtaa Kabla Haujabadilika: Nafasi ya Kasoro katika Uandishi wa Kubuni

Mada kwa warsha ya waandishi chipukizi, Temeke, Dar es Salaam



Utangulizi

Vijana wengi wa Mbagala, Tandika, Tandale na Kigogo wana hadithi nzuri ambazo hazijatoka kwenye daftari. Ukiwauliza kwa nini, utajibiwa: "Bado haijakaa sawa." Hoja yangu ni kwamba mwandishi wa mitaa hii hana nafasi ya kusubiri ukamilifu, kwa kuwa mtaa anaouandika haumsubiri. Rasimu yenye kasoro inasahihishika. Maisha yaliyopita bila kuandikwa hayarudi.

Mtaa haudumu

Tuanze na Magomeni Kota. Kaya 644 ziliondolewa, nyumba za zamani zikabomolewa, na Machi 2022 yakazinduliwa maghorofa palepale. Watu kupata makazi bora ni jambo la kushukuru. Hata hivyo, anayetaka leo kuandika maisha ya kota zile za chini atalazimika kuwategemea wazee na kumbukumbu zao. Vivyo hivyo kwa bonde la Msimbazi: baada ya mafuriko ya Desemba 2011, baadhi ya familia zilihamishiwa Mabwepande, na ujirani ukasambaratika. Hata mipaka ya wilaya imehama. Manzese iliyokuwa Kinondoni sasa iko Ubungo, na Kigamboni imetoka Temeke.

Tuitazame nyumba ya Kiswahili pale Tandika: korido katikati, vyumba vitatu kila upande, choo na sehemu ya kupikia uani. Mpangaji anayepika pale anajua nani atalala na njaa leo, kwa sababu anaona sufuria la mwenzake halijabandikwa. Atamega ugali, amtume mtoto aupeleke kimyakimya, asimwaibishe. Siku kiwanja kikiuzwa na ghorofa likapanda, ua unakwenda, na ujuzi huo unakwenda nao. Mwandishi aliyeishi pale asipouandika leo, atakayekuja kesho atakisia tu.

Kasoro hai na kasoro ya uvivu

Wasanii wenzetu wametutangulia katika kuikubali kasoro. Wapigaji wa muziki wa mchiriku walichukua vinanda vidogo vya Casio na spika zinazokoroma, na mkoromo ule ukawa ndio utambulisho wao. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa rangi ya baiskeli juu ya hadibodi. Alifariki mwaka 1972, baada ya miaka michache tu ya kazi, lakini mtindo wake unaendelezwa hadi leo. Angesubiri turubai na rangi za bei mbaya, tusingemjua.

Katika fasihi, Euphrase Kezilahabi alipotoa diwani yake ya Kichomi mwaka 1974, wapo walioona kwamba shairi lisilo na vina na mizani ni shairi lenye dosari. Leo mashairi huru yana nafasi yake katika ushairi wa Kiswahili.

Lakini tusichanganye mambo. Jina la mhusika linalobadilika katikati ya hadithi, tahajia isiyoangaliwa, bajaji inayokatiza Temeke ya mwaka 1975: hizo ni kasoro za uvivu, na dawa yake ni kuhariri. Kasoro hai ni mhusika anayejipinga mwenyewe, mazungumzo yanayokatizwa na konda, mwisho usiofungua kila fundo. Ukiziondoa hizo, unaondoa uhai.

Wengine huogopa misemo ya mtaani wakisema itachuja. Ichuje. Msemo uliochuja unamweleza msomaji wa baadaye watu walivyosema wakati huo. Dar es Salaam Usiku, riwaya ya Ben Mtobwa ya mwaka 1990, ina thamani ya ziada sasa kwa sababu jiji lile halipo tena.

Mapendekezo

1. Maliza rasimu ya kwanza bila kurudi nyuma kusahihisha.
2. Kila wiki andika ukurasa mmoja kuhusu kitu kinachoelekea kutoweka: genge, kijiwe cha kahawa, nyumba iliyochorwa X nyekundu ya kubomolewa.
3. Juu ya kila rasimu weka tarehe na jina la mtaa.
4. Msomee mwenzako kwa sauti, kisha umuulize ni wapi alichoka.
5. Jiwekee kikomo cha marekebisho. Ukikifikia, toa kazi, anza nyingine.

Hitimisho

Kukubali kwamba kazi haitakamilika kabisa hakutupunguzii wajibu. Kunatudai tuwe waangalifu zaidi kwa tunachokiona na wepesi zaidi kukiandika. Majirani zetu wanastahili kuingia kwenye fasihi wangali hai, waweze kutusahihisha tulipokosea. Kwa hiyo napendekeza tutoke na azimio moja: kila mshiriki amalize rasimu aliyonayo, na tutakapokutana tena tuzisome jinsi zilivyo, ndipo tuanze kuzihariri pamoja.