Tusile Mbegu ya Ziwa



Ngege waliowalisha wazee wetu wa Rusinga na Mfangano leo ni adimu. Tusiwalaumu mbuta tu, walioletwa ziwani tangu miaka ya 1950; nyavu zetu nazo zilichangia. Sasa mbuta wenyewe wanapungua. Sheria yasema mbuta wa chini ya sentimita 50 asivuliwe, maana wengi wao hawajazaa bado. Lakini wale wadogo nani huwanunua ufuoni? Si ni sisi?

Basi, kutoka Mbita hadi Muhuru, tukubaliane: samaki mchanga hatununui, hata kama siku hiyo tutarudi na karai tupu. Mvuvi akikosa mnunuzi, atabadilisha wavu. Na kamati ya BMU isimwonee haya jirani. Karo ya watoto wetu imo majini, tuiache ikue.