Mchoro wa Moyo na Hesabu ya Mauti



Nililokusudia kulieleza leo ni kwamba mchoro wa moyo wa namna moja hubeba hatari mbalimbali kwa kadiri ya mahali alipopatikana mwenye moyo huo. Na maadamu hatujahesabu wodini na kijijini pia, hatuna haki ya kusema kuwa maradhi ya mpapatiko wa moyo kwetu ni haba.

Kipimo cha umeme wa moyo, ambacho Willem Einthoven wa Leiden alipewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1924 kwa ajili yake, huchora mapigo juu ya karatasi ya miraba ipitayo kwa mwendo wa milimita 25 kila sekunde. Moyo mzima huandika kwanza kijilima kidogo, ndipo kilele kirefu chembamba, na nafasi baina ya vilele hulingana. Walakini vyumba vya juu vya moyo vinapopapatika badala ya kusukuma, kijilima hicho hutoweka, mstari husalia ukitetema, na vilele hufuatana bila taratibu yoyote. Damu hutuama na kuganda, na bonge lake likifika ubongoni huleta kiharusi.

Wilayani Hai, Kilimanjaro, walipimwa wazee 2,232 wa miaka 70 na zaidi, na wenye mpapatiko huo hawakufika hata 1 katika kila 100, ilhali Ulaya na Marekani watu wa umri huo walio nao huzidi 5. Katika Hospitali ya Muhimbili, kati ya wagonjwa 427 ambao mioyo yao ilishindwa kazi, na ambao habari zao zilichapishwa mwaka 2014, mpapatiko huo ulipatikana kwa 16 katika kila 100. Wastani wa umri wa wagonjwa hao wote ulikuwa miaka 55 tu, na hatari ya mauti kwa aliyekuwa nao ilizidi mara tatu ya mwenziwe asiye nao.

Wapo waisomao hesabu ya Hai kwa furaha. Mimi furaha hiyo siioni. Yamkini wazee wetu wamesalimika kweli. Lakini yamkini vilevile kwamba wenye mpapatiko walikwisha kuzikwa kabla ya kutimiza miaka 70, wasipate kuhesabiwa na yeyote.

Katika hesabu hiyo hiyo ya Muhimbili limo jambo linalonisikitisha kuliko yote: wasiopata elimu ya shule walifariki kwa kadiri ya zaidi ya mara mbili ya waliosoma. Basi umeme wa moyo hauwezi kusomwa mbali na nauli, na dawa iliyokwisha isinunuliwe nyingine, na kikaratasi cha tarehe ya kurudi kliniki ambacho hakuna nyumbani awezaye kukisoma.

Kwa hiyo naomba hesabu ianzie Marui na vijiji vya Kisarawe na Kibaha, nyumba kwa nyumba, na isingoje uzee: kila aliyetimiza miaka 40 apimwe mapigo kwenye kifundo cha mkono kwa dakika nzima, ambaye mapigo yake hayalingani achorwe moyo papo hapo, na baada ya mwaka wahesabuji warudi kwenye milango ile ile kuuliza nani amefariki na kwa dalili gani, hata ikiwa marehemu hakupata kufika hospitali ya Tumbi wala ya Muhimbili.