GB si ya bure



Ingia leo katika kundi lolote la WhatsApp hapa Kolwezi, la wanunuzi wa madini wa soko la Musompo, la kwaya au la wanafunzi, uulize nani anatumia GB. Utashangaa. GB ni ile WhatsApp ya rangirangi: GBWhatsApp, pamoja na ndugu zake FM na Yo. Hazikutoka kwa kampuni ya WhatsApp. Kuna watu waliochukua programu ile, wakaipasua, wakaiunga upya na kuongeza vitu tunavyovipenda: ukuta wa waridi, maandishi ya mapambo, kusoma ujumbe ambao mwenzako ameshaufuta, kutazama statu ya mtu bila yeye kujua. Play Store hazimo. Zinapita mkono kwa mkono. Fundi wa simu anakurushia kwa Xender, au binamu anaweka faili kwenye kundi la familia. Simu inakuuliza kuhusu «sources inconnues», yaani vyanzo visivyojulikana, unakubali, na imekwisha.

Kwa kuwa aliyekupa ni mtu wako, huoni sababu ya kuwa na shaka. Naye hakukudanganya, maana alipewa hivyo hivyo. Lakini GB tunailipia. Tunailipa kwa mega za intaneti, kwa unite za simu, na siku mbaya tunailipa kwa akaunti yenyewe.

Agosti 2021, wataalamu wa Kaspersky, kampuni ya Urusi ya ulinzi wa kompyuta, walichunguza FMWhatsApp toleo la 16.80.0. Ndani yake walikuta kipande kilichowekwa ili kuleta matangazo, na pamoja na kipande hicho virusi viitwavyo Triada. Triada inakusanya alama za utambulisho wa simu yako, inazipeleka kwa wenyewe, kisha inaita wenzake. Mmoja anatupa tangazo linaloziba kioo kizima. Mwingine anafungua matangazo chini kwa chini, wewe huoni kitu, mega zinakwisha. Mwingine anakuandikisha katika huduma za kulipia. Na huduma ikituma SMS yenye namba ya kuthibitisha, virusi vinaisoma vyenyewe na kujibu, kwa sababu siku ya kwanza programu iliomba ruhusa ya kusoma SMS, nawe ukakubali ukijua ni kawaida ya WhatsApp. Ni sawa na fundi uliyemwita kupaka rangi ukuta wa nje, ukamwachia na ufunguo wa chumba cha kulala.

Oktoba 2022 Kaspersky hao hao walikuta YoWhatsApp moja inaiba funguo za akaunti. Mwenye funguo hizo anaweza kuandika kwa jina lako. Yo hiyo ilitangazwa ndani ya Snaptube, na ilipatikana pia ndani ya Vidmate, zile programu ambazo vijana wetu wanapakulia muziki na mahubiri ili wasimalize mega. Nazo zina habari zao. Mwaka 2019 kampuni ya Upstream ilisema kuwa katika miezi 6 ilihesabu miamala zaidi ya milioni 70 ya kutiliwa shaka kutoka Snaptube, kwenye simu milioni 4.4. Vidmate: zaidi ya milioni 128, katika nchi 15.

Nimeishika simu ya mama mmoja muuza unga wa bukari, pale Manika. Tecno ndogo, mgongo wa moto ingawa haitumiki. Amemaliza tu kuongea na mteja, tangazo la mchezo wa kamari likapanda juu ya kioo. Akalifunga, likaja lingine. Akaniambia ananunua forfe ya mega asubuhi, na saa sita mchana haina kitu. Aliulaumu mtandao wake. Binti yake ndiye aliyemwekea GB, apate maua nyuma ya maandishi.

Sitamlaumu kwa kulaumu mtandao. Sisi Wakongo tumeshaumwa. Kuanzia Septemba 2020 tulikatwa unite kwa ajili ya RAM, ile tozo ya kuandikisha simu, hadi wananchi na wabunge walipopiga kelele na mwaka 2022 ikaondolewa. Tangu hapo unite zikitoweka tunatazama upande wa kampuni na wa serikali. Mwizi aliye ndani ya simu hatumtazami, na anaendelea kula.

Na hapa Lualaba simu si mchezo. Februari 2025 serikali iliposimamisha usafirishaji wa kobalti nje, na Oktoba ilipoleta mgawo wa kiasi cha kuuza nje, habari zilitufikia wengi wetu kwenye makundi kabla ya kutufikia kwa njia nyingine. Mnunuzi anamwandikia mchimbaji: bei ya leo ni hii, lete gunia, nitakutumia M-Pesa. Mchimbaji anaamini kwa sababu anajua namba. Sasa fikiri mtu wa mbali ameshika akaunti ya mnunuzi huyo, anaomba pesa ya usafiri kwa watu ishirini. Jina analojenga mtu kwa miaka mingi pale Musompo linaweza kuharibika mchana mmoja, na hakuna rangi ya ukuta inayolipa hasara hiyo.

Tena mengi tuliyoyafuata kwa GB, WhatsApp ya kweli inayo. Kuficha kwamba uko hewani kulikuja 2022. Kufunga mazungumzo kwa siri, 2023. Akaunti mbili katika simu moja ya Android, Oktoba 2023. Ule ukuta wa rangi wenyewe umo, bure.

Mwenye GB aitoe leo. Achukue WhatsApp ya Play Store, aweke ile siri ya tarakimu 6 ya hatua ya pili, abadilishe siri ya M-Pesa au Airtel Money, kisha aende kwa wakala wa mtandao wake aulize ameandikishwa huduma gani na aombe zifutwe zote. Huenda mazungumzo ya zamani yakapotea. Ni afadhali yapotee.

Nanyi mafundi wa simu wa Dilala na Manika, watu wanawakabidhi simu zikiwa wazi, na siri zao zote ndani. Leo mtu akikuomba GB, yaya, usimrushie kwa Xender. Fungua WhatsApp yake, ingia kwenye paramètres, mwonyeshe mahali pa kubadilisha rangi. Mtoze faranga zako kama kawaida, maana umemfanyia kazi.