Diski Nzima, Njia Mbovu: Uchunguzi wa Hitilafu za Adapta na Miunganisho ya Hifadhi katika Seva za Mwanza

Seva inapotoa taarifa kwamba diski haionekani, hukumu ya kwanza huwa kwamba diski imekufa, na mara huagizwa nyingine kutoka Dar es Salaam, umbali unaozidi kilomita 1,000 kwa barabara. Mada hii inashikilia kwamba hukumu hiyo aghalabu ni ya pupa, kwa kuwa kati ya ubao mama na diski pana mlolongo wa vifaa ambavyo kila kimoja chaweza kukata mawasiliano ilhali diski yenyewe ni nzima. Katika jiji la Mwanza, lenye hospitali ya rufaa ya Bugando, Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino na vituo vya utafiti wa magonjwa na wa uvuvi, pupa hiyo huweza kugharimu kumbukumbu za miaka mingi.

Mlolongo huo huanza na adapta ya hifadhi, yaani kadi inayopokea maagizo ya mfumo endeshi na kuyapeleka kwenye diski. Hufuata kebo, kisha ubao wa nyuma wenye soketi ambamo trei za diski huchomekwa, pamoja na nyaya za umeme zinazoulisha ubao huo. Katika mitambo ya zamani iliyotumia SCSI, kiwango cha kuunganisha diski, diski nyingi zilichangia kebo moja iliyohitaji kizibo cha umeme kila ncha, na kizibo kikikosekana mnyororo mzima uliyumba. Viwango vipya zaidi, yaani SATA, iliyoanza mwaka 2003, na SAS iliyofuata baadaye, vimeipa kila diski njia yake, jambo ambalo limerahisisha kumtambua mkosaji.

Mazingira ya ukanda wa Ziwa Viktoria yana mchango wake. Eneo hili ni miongoni mwa yale yanayopigwa na radi nyingi zaidi duniani, na Mwanza imejengwa juu ya miamba ya matale ambamo fimbo ya kutuliza umeme ardhini haizami kwa urahisi, wala mwamba wenyewe haupitishi umeme vizuri. Seva na kabati la nje la diski vikipewa umeme kutoka saketi mbili zenye ardhi tofauti, kebo inayoviunganisha huweza kubeba tofauti hiyo ya umeme. Aidha, wadudu wadogo wa ziwani, wanaopaa juu ya maji kama moshi na kufuata taa usiku, hufia kwenye vichujio vya hewa na feni. Adapta, ambayo kwa kawaida haina feni yake na hutegemea upepo wa kasha, hupata joto hadi ikaganda, na diski zake zote zikatoweka kwa pamoja.

Ushahidi wa kwanza hutafutwa katika kumbukumbu za matukio ya mfumo, kabla ya kifaa chochote kuguswa. Diski ya SATA hutunza hesabu za afya yake, na kipengele namba 199 huhesabu vifurushi vya data vilivyofika vikiwa vimeharibika njiani, ilhali namba 5 na 197 huhusu sehemu za diski zilizokwisha kubadilishwa au zinazoshukiwa kuwa mbovu. Namba 199 ikipanda huku hizo mbili zikibaki sifuri, kebo au soketi ndiyo ya kushukiwa kwanza. Ikumbukwe kwamba hesabu hiyo hairudi sifuri hata kebo ikibadilishwa, kwa hiyo kinachosomwa ni ongezeko lake, si ukubwa wake. Fundi asiyejua hilo hutupa diski nzima kwa kosa la kebo iliyokwisha kutupwa. Dalili nyingine ni kasi ya muunganisho kushuka kutoka gigabiti 6 kwa sekunde hadi 3 au 1.5, kwa sababu mfumo hupunguza mwendo pale makosa yanapozidi.

Baada ya hapo hufuata jaribio la kubadilishana, ambalo hufanywa kwa badiliko moja tu kwa wakati, seva ikiwa imezimwa na namba ya kila diski ikiwa imeandikwa pamoja na tundu lake. Tatizo likihama pamoja na diski, diski ni mbovu. Likibaki kwenye tundu, ubao wa nyuma, kebo au mlango wa adapta ndio wenye kosa. Hatari kubwa iko kwenye reidi, mpango wa kugawa data katika diski kadhaa. Katika reidi ya 5, inayostahimili kupotea kwa diski moja tu, diski mbili zikitoweka katika sekunde ileile ni nadra kuwa zote zimekufa, bali huenda njia yao ya pamoja imekatika; anayeamuru reidi iundwe upya wakati huo huangamiza data ambayo ingerejea kwa kukaza plagi.

Ipo pia hitilafu isiyo na waya wala vumbi. Toleo la 8 la mfumo endeshi wa Red Hat Enterprise Linux, lililotoka mwaka 2019, liliondoa msaada kwa adapta nyingi za zamani, zikiwemo zenye chipu ya SAS2008 ambayo imeenea katika seva za mitumba. Katika hali hiyo diski huorodheshwa na adapta yenyewe seva inapowaka, lakini mfumo endeshi hauoni hata moja, na tiba ni kupata draiva inayofaa au kubadilisha kadi, si kufungua kasha.