Ukitoka Baharini Usikimbilie Mlimani

Ndugu msikilizaji, leo sitazungumzia bei ya kahawa, wala daladala zetu hapa Moshi zinazopakia watu kama magunia. Nitazungumzia safari ya starehe. Najua wapo watakaosema mtangazaji ameishiwa na mada. Nawaomba wavumilie kidogo, kwa sababu starehe hiyo ilitufikisha mahali ambapo marafiki wanne wa miaka mingi tuligombana hadharani pale Korogwe, saa 2 usiku, mbele ya wauza machungwa, na mmoja wetu akachukua begi lake akatuacha.

Wanne hao ni mwalimu wa sekondari, dada mmoja muuguzi, kijana mwongoza watalii wa mlimani, na mimi. Wote ni watu wa migombani. Na mtu wa migombani, tuseme ukweli, hana mazoea na maji ya kina. Mto kwetu ni wa kuvuka kwa kurukia mawe, na mfongo ni wa kumwagilia shamba. Kuogelea tumejifunza ukubwani, tena kwenye chemchemi ya Kikuletwa kule Hai, ambayo wengi wenu mnaiita Chemka, huku watoto wadogo wakituchekea kutoka juu ya mizizi ya miti. Yule dada aliwahi kufanya kazi Tanga, na ndiye aliyetuingiza katika mchezo huu wa kupiga mbizi na mtungi wa hewa mgongoni. Tulisoma, tukafanya mtihani, tukapewa vyeti vya kuturuhusu kuzama hadi mita 18. Mama yangu mzazi alipoambiwa kwamba mwanawe sasa ni mzamiaji, alishtuka akidhani nataka kujificha melini kwenda Ugiriki.

Mwalimu alikuwa na wazo kwamba safari hii tusiende mbali, tuzame Ziwa Chala, pale pale mashariki ya mlima, nusu Tanzania nusu Kenya. Ni ziwa zuri kweli, limekaa ndani ya shimo la volkano, lina kina cha zaidi ya mita 90, na mwaka 2002 mamba alimuua kijana mgeni aliyekuwa akiogelea humo. Hilo la mamba peke yake lilitosha kumaliza mjadala. Lakini yule dada aliongeza neno ambalo siku ile hatukulitilia maanani. Alisema Chala iko karibu mita 900 juu ya usawa wa bahari, na hesabu za uzamiaji tulizofundishwa ni za baharini, haziwezi kutumika huko juu bila marekebisho. Tukacheka, tukamwambia asitutishe kwa hesabu. Tukapanga kwenda Pangani.

Ijumaa mchana tukaondoka. Jumamosi tukazama mara mbili kwenye matumbawe ya Maziwe. Kwa wasiopafahamu, Maziwe zamani kilikuwa kisiwa chenye mivinje, na kasa walikuwa wakija kutaga mayai kwa wingi. Miti ikatoweka, bahari ikala mchanga, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 kisiwa kilikwisha. Leo ni fungu la mchanga linaloonekana maji yakipwa na kufunikwa maji yakijaa. Chini yake, hata hivyo, bado kuna uhai. Tuliona pono wakitafuna matumbawe kwa sauti unayoweza kuisikia, mkunga ametoa kichwa pangoni kama mlinzi wa lango, na kasa mmoja aliyetupita bila kutujali. Tuliona pia sehemu zilizosagika kama kokoto, na nahodha alituambia ni kazi ya baruti za miaka iliyopita.

Jumapili, kwa kufuata maji, tulichelewa. Tulizama asubuhi, tukapumzika, tukazama tena, na mbizi ya mwisho tuliimaliza saa 8 mchana. Nawaomba muukumbuke muda huo.

Tukiwa tunarudi pwani, nahodha, mzee wa makamo ya baba zetu, alituuliza, "Wanangu, nyinyi kwenu wapi?" Tukamwambia Moshi. Akasema, "Moshi ile ya mlimani? Na mnarudi lini?" Leo hii, jioni. Mzee hakusema kitu kwa muda. Kisha akatusimulia habari ya mtu anayemfahamu, aliyekuwa akizamia majongoo ya bahari kwa mitungi ya kuazima. Siku moja mtu huyo alipanda juu haraka baada ya hewa kumwishia. Jioni akaanza kuhisi ganzi miguuni. Hadi leo anatembea kwa magongo. "Ugonjwa huo hauko kule chini," mzee alisema, "uko njiani wakati wa kupanda."

Ndugu msikilizaji, hapa inanilazimu kueleza jambo la kitaalamu, lakini nitajitahidi lisichoshe. Hewa tunayovuta sehemu kubwa ni naitrojeni, gesi ambayo mwili hauna kazi nayo. Ukiwa mita 10 chini ya bahari, mgandamizo unaokubana ni mara mbili ya ule wa ufukweni. Mita 18 ni karibu mara tatu. Kwa kubanwa hivyo, naitrojeni inayeyuka na kuingia katika damu na minofu kwa wingi kuliko kawaida. Ukipanda polepole, inatoka taratibu kupitia mapafuni. Ukipanda haraka, inafanya kile kinachofanywa na soda iliyotikiswa unapoing'oa kizibo. Inatoa mapovu. Mapovu hayo yakikaa kwenye kiungo ni maumivu. Yakikaa kwenye uti wa mgongo ni kupooza.

Ugonjwa huu haukuanzia kwa watalii. Mwaka 1872, wakati wa kujenga daraja la Brooklyn kule New York, wafanyakazi waliochimba misingi chini ya mto ndani ya vyumba vya hewa iliyobanwa waliugua hivyo hivyo, na mhandisi mkuu, Washington Roebling, alidhoofika kiasi cha kusimamia kazi kutoka kitandani. Dawa ya kuuzuia ilitafutwa kwa mbuzi. Msicheke. Mtaalamu wa Uingereza, John Scott Haldane, aliwaingiza mbuzi katika chumba cha chuma, akawabana kwa hewa, kisha akawaachia kwa mwendo tofauti tofauti. Mbuzi aliyepatwa alionekana mara moja, maana aliinua mguu wa mbele na kukataa kuukanyagia. Mwaka 1908 Haldane na wenzake wakatoa majedwali ya namna ya kupanda kwa vituo, na hesabu za wazamiaji wa leo ni vitukuu vya majedwali hayo.

Sasa jambo ambalo sisi watu wa mlima hatulioni ni hili. Kupanda hakuishii ufukweni. Naitrojeni bado imo mwilini saa nyingi baada ya kuvua ile nguo ya mpira, na kila unapokwenda juu, hata kwa gari, mgandamizo unapungua. Ndiyo sababu mzamiaji anakatazwa kupanda ndege. Ushauri wa kawaida kwa aliyezama mara kadhaa ni kungoja saa 18 kwa uchache, na walimu wengi husema 24. Hewa ya ndani ya ndege ya abiria haitakiwi kuwa nyepesi kuliko ile ya mwinuko wa mita 2,400 hivi. Basi linganisheni. Kibanda cha Mandara, ambako mpanda mlima wa Marangu analala usiku wa kwanza, kiko mita 2,700. Horombo ni mita 3,700. Uhuru, mita 5,895, hewa ni karibu nusu ya ile ya Pangani. Vitabu vya uzamiaji huanza kuhesabu mwinuko kuanzia mita 300 tu, na mtu wa Moshi mjini anakoga, anakula na kulala zaidi ya mita 800.

Tulifika Korogwe usiku. Korogwe ina mwinuko wa karibu mita 300, na kuanzia hapo barabara inapanda bila wewe kujua. Tulikuwa tumeteremka kununua machungwa, mwalimu akasema bega linamuuma. Akasema ni mtungi, aliuinua vibaya. Yule dada akamuuliza maswali matatu manne kwa sauti ya hospitali, kisha akachukua simu akampigia daktari aliyewahi kufanya naye kazi. Jibu la daktari lilikuwa fupi. Msipande zaidi usiku huu. Akihisi ganzi, kizunguzungu, au akishindwa kukojoa, mrudisheni Tanga hospitali apewe oksijeni. Na mtu yeyote asithubutu kumrudisha majini eti akajitibu.

Hapo ndipo ugomvi ulipoanza. Kijana wetu wa mlimani alikuwa amepigiwa simu tukiwa Muheza. Mwenzake aliyekuwa na kundi Horombo ameugua, na yeye alitakiwa awe kwenye geti la Marangu saa 12 asubuhi, atembee moja kwa moja, afike Horombo saa 8 mchana. Hesabuni wenyewe. Kwenye geti, karibu mita 1,900, atakuwa na saa 16 tangu atoke majini. Horombo, saa 24, tena baada ya kutembea kwa haraka, na usiku wa kuamkia keshokutwa yake aanze kupanda kwenda kileleni.

Tulimwambia asiende. Nilimwambia mimi, tena kwa ukali, nikitumia lugha ambayo redioni hairuhusiwi. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Kaka, wewe ukilala Korogwe mshahara wako unakuja mwisho wa mwezi. Mimi nisipopanda silipwi, na nikikataa leo, msimu ujao hawanipigii simu." Sikuwa na jibu. Mpaka leo sina jibu la kutosha. Saa 4 usiku likapita basi lililotoka Dar es Salaam, akapanda.

Sisi watatu tukalala nyumba ya wageni yenye mbu wengi kuliko shuka. Yule dada aliamka kila baada ya saa moja kumgusa mwalimu miguu na kumuuliza kama anahisi. Asubuhi bega lilikuwa bado linauma, lakini lilimuuma anapolisogeza tu, na daktari alipomwona baadaye alisema ni msuli. Kwa hiyo mwalimu alikuwa sahihi, ulikuwa ni mtungi.

Na kijana? Alifika Horombo, akawafikisha watu wake kileleni, akashuka salama. Alipatwa na uchovu mkubwa siku ya kwanza, basi. Tulipokutana mjini alitucheka sana. Alisema tulilipa nyumba ya wageni bure.

Huenda ni kweli tulilipa bure. Majedwali yale hayasemi kwamba kila atakayekiuka ataumia. Wengi hawaumii, na ndiyo maana watu wanazoea. Lakini mimi nilichokwenda kukitafuta baadaye ni ile fomu tuliyojaza kabla ya kuzama. Ilituuliza kuhusu moyo, masikio, pumu, dawa tunazotumia, na kama tumekunywa pombe. Iliuliza hata jina la ndugu wa kupewa taarifa. Haikuuliza tunalala wapi siku hiyo. Kwa wageni wengi swali hilo halina uzito, maana ratiba yao kwa kawaida huanza na mlima au mbuga na kumalizikia baharini, na mpango huo ni salama. Ila wapo wanaogeuza, wanaotoka Pemba au Zanzibar kwa ndege hadi uwanja wa Kilimanjaro na kesho yake wako getini. Na wapo sasa, ndugu msikilizaji, vijana wa Moshi na Arusha wenye kipato kidogo cha ziada, wanaokwenda pwani wikiendi na kurudi na basi la Jumapili usiku. Kwao nyumbani ndiko mlimani. Mtu wa Marangu Mtoni au Kibosho akifika kitandani kwake tu, ameshapita mita 1,300.

Sidai kamati iundwe. Naomba mstari mmoja uongezwe kwenye fomu, na mwenye kituo aukazie macho kama anavyokazia malipo. Geti la mlimani nako, pale mpandaji anapoandika jina na umri, aulizwe kama amezama baharini siku mbili zilizopita. Na kampuni za kupandisha watalii zijue kwamba kijana anayesema "leo siwezi" hana uvivu. Hili la mwisho ndilo gumu, nalijua, kwa sababu nyuma yake kuna vijana kumi wanaosubiri kuitwa.

Nahodha wa Pangani aliuliza bila fomu. Tulipomtumia salamu kwamba wote tuko wazima alijibu kwa neno moja, "Alhamdulillahi."

Yule kijana amenipigia simu juzi. Anataka kujua safari ijayo ni lini. Nikamtajia tarehe. Akanyamaza kidogo, nikasikia anapekua daftari, kisha akasema nimwongeze kwenye orodha, Jumatatu na Jumanne yake hana mlima.