Jani Kavu Bado Lina Habari

Akina mama na wazee wa vikundi vya Sugoi, sote twasugua vibuyu vya mursik kwa kijinga cha senetwet. Je, mna nini ndani ya mti huu? Jina peke yake halimtoshi mtaalamu, maana kwingine jina moja huitwa miti miwili. Anataka tawi lenyewe, lililokaushwa vizuri.

Makumbusho ya Taifa, Nairobi, yanatunza matawi kama hayo karibu milioni moja. Mtaalamu husaga kipande kidogo, hukiloweka kwenye spiriti, kisha hutenganisha kemikali zake, kama wino unavyoachana rangi kwenye karatasi iliyolowa. Harufu huruka mapema, lakini kemikali nyingine hukaa miaka mingi. Ila angalieni: zamani matawi mengi yalipakwa dawa ya zebaki kuzuia wadudu. Hayo si ya kuonja!

Basi tufanyeje? Tulaze tawi lenye maua kati ya magazeti, tuweke mzigo juu, tubadilishe karatasi kila siku hadi likauke. Tusinyunyize dawa. Tuandike jina, mahali, tarehe, na sehemu inayotumika. Maabara itatuambia kemikali. Matumizi wanayajua wazee wetu, nao hawatakaa milele. Tuwaulize sasa.