Kadi Mpya kwa Laptopu za Zamani

(Maneno tuliyowaambia vijana wa darasa la ufundi pamoja na viongozi wa vikundi vya kina mama)



Hebu tuanze na kosa letu sisi wenyewe. Mnazijua zile laptopu sita za miaka ya 1990 ambazo kina mama wanaandikia hesabu za akiba. Ni nzito kama tofali, lakini kuandikia ni raha kuliko hizi za siku hizi. Shida ilianza pale sehemu za kuingizia disketi zilipokufa moja baada ya nyingine. Hesabu zikabaki ndani, na printa iko kwenye kompyuta mpya ya ofisi. Basi tukanunua kadi za mtumba za mtandao usio na waya, zile za kuchomeka ubavuni mwa laptopu. Zikaingia vizuri, taa zikawaka, lakini ruta ikazikataa kabisa.

Sababu ni kufuli. Kadi zile zinajua kufuli moja tu, WEP, la miaka ya 1990. Mwaka 2001 wataalamu walionyesha wazi jinsi linavyovunjwa, na mwaka 2004 likaja WPA2 lenye nguvu zaidi. Sisi tulifanya nini? Tukairudisha ruta kwenye kufuli la zamani ili laptopu ziingie. Haukupita mwezi, bando la ofisi likawa linaisha kabla ya tarehe 15. Kuna mtu nje alikuwa akijichotea. Bando si kitu. Lakini kwenye mtandao ule ule kulikuwa na kompyuta yenye majina ya kina mama, nambari zao za simu na akiba ya kila mmoja. Mama mmoja akatuuliza, "Kwa hivyo mmeanika pesa zetu barabarani?" Hatukuwa na jibu. Tulirudisha kufuli jipya siku hiyo hiyo.

Ndipo vijana wakasema: kama kadi ya zamani haifundishiki, tutengeneze nyingine.

Wazo lenyewe ni hili. Laptopu isijue kitu chochote kuhusu waifai wala kufuli. Iachwe iamini kwamba imechomekwa kadi ya kawaida ya waya, aina ya NE2000 iliyotoka kampuni ya Novell miaka ya 1980. Kadi hiyo iliigwa na watengenezaji wengi sana, hata Windows 95 ilikuja na programu yake ndani, na DOS pia inayo. Ndani ya kadi yetu kutakuwa na chipu ya leo, na hiyo ndiyo itakayoshughulika na kufuli la WPA2. Mzee abaki na lugha yake, mjukuu amtafsirie.

Vijana wamechagua Raspberry Pi Pico W, iliyotoka mwaka 2022 kwa dola 6. Hapo ndipo kazi ilipo, jamani. Tundu la laptopu lina pini 68, na kati ya hizo 26 ni za anwani na 16 za data. Pico W inatoa pini 26 tu za kutumia! Bahati nzuri NE2000 hutumia anwani 32 peke yake, kwa hivyo nyaya 5 za anwani zinatosha, na chache zaidi za kadi kujitambulisha. Maana kadi ikichomekwa, laptopu huiuliza kwanza, "Wewe ni nani?" Isipojibu sawasawa, inaachwa hapo kama kipande cha bati.

Tena kuna umeme. Matundu ya zamani hutoa volti 5, na chipu hii ni ya volti 3.3. Ukiunganisha moja kwa moja utaichoma. Tumeshachoma mbili, tusifichane. Lazima ziwekwe chipu ndogo za kupunguza volti katikati. Na antena itokeze nje ya tundu, kwa sababu chuma cha ndani huziba mawimbi.

Wengine mnatumaini kwamba laptopu hizi zitafungua kurasa za intaneti. Hapana. Programu zake hazielewi usalama wa tovuti za leo. Sisi tunataka faili za hesabu zitoke kwenye laptopu, zifike kompyuta ya ofisi, zichapishwe. Basi.

Mpaka sasa laptopu moja inaitambua kadi na kupata anwani kwenye mtandao. Faili ndogo inapita. Faili ya hesabu za mwaka mzima inakatika njiani, na vijana wanadhani chipu inachelewa kujibu laptopu inapoandika kwa haraka. Mwenye mkono mtulivu wa kulehemu aje Jumamosi, tuna vioo viwili vya kukuzia. Kina mama, nyinyi endeleeni kunakili kwa kalamu kila Jumatano kama mlivyozoea, na ule ukurasa wa jumla wawili wausome kwa sauti kabla ya kutia sahihi.